Msuli haugeuki mafuta
Kwenye jimu za Sinza utaambiwa: ukiacha vyuma, misuli inageuka mafuta. Haigeuki. Msuli, ukiondoa maji, ni protini kwa sehemu kubwa. Mafuta hukaa kwenye seli nyingine kabisa. Mwili huvunja na kujenga protini ya misuli kila siku. Ukiacha mazoezi ujenzi hupungua, msuli husinyaa. Na kama chipsi mayai ni zilezile, nishati inayozidi huwekwa kuwa mafuta. Mizani inaweza isione kitu.

Anayepunguza kitambi anyanyue vyuma angalau mara 2 kwa wiki na ale protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito (mwenye tatizo la figo aulize daktari kwanza). Kwa kilo 70 ni gramu 112. Yai lina kama 6 tu, hivyo dagaa na maharage havikwepeki. Akijinyima chakula bila mazoezi, sehemu ya kilo zinazopungua ni msuli.