Safari ya siku tisa ya Italia bila tiketi ya ofa: nilivyowapangia wakulima wa zabibu wa Mpunguzi

Mwezi wa saba mwaka jana waliingia ofisini kwangu hapa Dodoma, ninakokatia watu tiketi za ndege, mzee mmoja mkulima wa zabibu wa Mpunguzi na mkewe. Tulipomaliza kusalimiana, mzee akaninyooshea simu. Mtoto wao aliyeko Dar alikuwa amewarushia tangazo la ofa: Dar es Salaam kwenda Italia na kurudi, nauli ya chini kuliko ninayoiona miezi mingi ya mwaka.

"Mwanangu, zabibu nimelima tangu kijana. Nataka nikawaone wenzetu wanavyozifanya kabla magoti hayajagoma. Tulipe leo?"

Nikamwambia asilipe. Hakufurahi, na sikumlaumu, maana ofa ilikuwa ya kweli na ilikuwa inaisha keshokutwa. Swali lake naulizwa sana siku hizi na watumishi wa serikali wa Mtumba, wahadhiri, wafanyabiashara wa Majengo, na jibu lake haliingii kwenye ujumbe mmoja wa WhatsApp. Ndiyo maana naliandika hapa.

Kwa pasipoti yetu ya Tanzania, Ulaya huanza na viza. Viza moja ya Schengen inafungua nchi 29, zikiwemo Italia, Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi na Uhispania. Uingereza na Ireland hazimo. Tangu Juni 2024 ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15 tangu walipokee, ila wakitaka kuchunguza zaidi wanaruhusiwa kufika siku 45. Sasa ipime ofa kwa kalenda hiyo. Shirika la ndege linakuhesabia saa, ubalozi unakuhesabia wiki. Ukikata nauli isiyorudishwa leo, halafu viza ikachelewa au ikanyimwa, hela yako imekwenda na hakuna wa kumlilia.

Wengi hulipa haraka kwa kudhani ubalozi unadai tiketi iliyolipiwa. Kinachotakiwa ni buking: nafasi iliyowekwa, yenye namba yake, tarehe za kwenda na kurudi, na majina yanayofanana herufi kwa herufi na pasipoti. Wakala anaweza kukushikilia nafasi bila malipo kamili, ingawa nauli za ofa mara nyingi hazishikiki kwa zaidi ya siku moja au mbili. Hapo ndipo mteja hujiona amebanwa, na hapo ndipo mimi humwonyesha nauli ya pili.

Ndege ile ile, kiti kile kile cha nyuma, huuzwa kwa nauli tatu au nne zenye masharti tofauti. Chukua mfano wa hesabu tu. Nauli ya ofa ni dola 640 na hairudishwi. Inayofuata ni dola 730, na ukighairi kabla ya safari unakatwa dola 150, zinazobaki unarudishiwa. Macho yanaona tofauti ya dola 90. Lakini viza ikigoma, mwenye nauli ya kwanza amepoteza karibu yote, labda arudishiwe kodi za viwanja vya ndege. Mwenye nauli ya pili amepoteza 150 na kulala usingizi. Kwa mtu ambaye hajawahi kupata viza ya Schengen, mimi hushauri nauli ya pili, na nitaendelea kushauri hivyo hata mteja akinuna. Mwenye viza ya miaka mkononi mwake ni habari nyingine, huyo aidake ofa usiku huo huo.

Ukisoma masharti, angalia mistari miwili usiichanganye. Kuna wa kurudishiwa hela na kuna wa kubadili tarehe. Nauli inaweza kukuruhusu kubadili tarehe na isikurudishie hata senti. Na "kubadili bila faini" bado kunaweza kukugharimu, kwa sababu utalipa tofauti ya nauli ya siku hiyo mpya.

Kwa mzee na mama, ofa ya kwanza iliwapita, nasema wazi. Pasipoti ya mama ilikuwa imebakiza miezi minne, na Schengen wanataka iwe hai kwa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka kwao, iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, na iwe na kurasa mbili tupu. Wao walitaka kwenda Novemba. Kwa hiyo tulianza na Uhamiaji: maombi kwa mtandao, shilingi 150,000, alama za vidole. Wakati huo mzee akakusanya karatasi zake: hati ya shamba, stakabadhi za mauzo ya zabibu, barua ya chama chao cha ushirika, na taarifa ya benki. Kwenye taarifa ya benki nina ombi moja kwa kila msomaji: usikope milioni kumi kwa shemeji ukaziweka wiki ya mwisho. Anayesoma taarifa hiyo anaangalia miezi kadhaa nyuma, na hela iliyoshuka ghafla humfanya aulize maswali yote mengine kwa ukali. Mkulima ambaye akaunti yake inajaa msimu wa mavuno na kupungua polepole anaeleweka vizuri kabisa. Bima ya safari nayo ni lazima, yenye kufidia matibabu ya kuanzia yuro 30,000.

Sasa nije kwenye kupanga safari yenyewe, sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Mteja wa kawaida huja na orodha: Paris, Roma, Barcelona, Amsterdam, siku saba. Kisha anataka nauli nafuu ya kuzunguka orodha hiyo. Mimi nageuza. Naanza na nauli: inashusha wapi, inaondokea wapi, saa ngapi. Halafu ndani ya duara hilo natafuta anachokitaka mteja. Kwa siku chache, miji miwili inatosha, mitatu ni mwisho. Kila kuhama hoteli kunakula nusu siku, na nusu siku ukiwa na siku saba ni nyingi.

Jambo ambalo wateja hawalijui ni kwamba tiketi ya kwenda na kurudi hailazimiki kurudia mlango ule ule. Unaweza kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine, na mara nyingi nauli hubaki karibu ile ile kwa sababu shirika ni moja na tiketi ni moja. Mzee alikuwa ametaja neno moja tu, Verona, kwa kuwa juu ya mji huo kuna vilima vya Valpolicella ambako zabibu huvunwa, zikatandazwa kwenye vichanja ndani ya maghala yenye upepo, zikakauka kwa miezi kama mitatu au minne kabla ya kukamuliwa. Verona ipo kwenye njia ya treni kati ya Venice na Milan, saa moja na kitu kila upande. Kwa hiyo niliwakatia Dar es Salaam kwenda Venice kupitia Istanbul, na kurudi kutokea Milan. Hawakurudi nyuma hata kilomita moja. Wangekwenda na kurudi Venice, siku ya mwisho ingeliwa na treni na mizigo.

Novemba tuliichagua kwa sababu tatu zilizokutana. Nauli huwa zimeshuka, kwa kuwa watalii wa kiangazi wamekwisha na Krismasi bado. Zabibu za Valpolicella zinakuwa zimelala vichanjani, zinaonekana. Na shambani Mpunguzi mavuno yamepita, mvua bado. Gharama yake ni baridi na jua kuzama mapema, kabla ya saa kumi na moja jioni. Niliwaambia kila cha nje wakifanye asubuhi na mchana, jioni wabaki kwenye migahawa na makanisa.

Tofauti ya saa, kwa bahati, haituumizi sisi. Italia wakati huo wa mwaka iko nyuma yetu kwa saa mbili tu, na wakati wa kiangazi saa moja. Anayetoka Tokyo au New York hupoteza siku mbili za kwanza kwa usingizi uliopinda. Sisi tunashuka, tunakoga, tunatoka. Ndiyo sababu nawaambia watu kwamba safari fupi ya Ulaya kutoka Tanzania inawezekana kweli.

Kosa linalonitia hofu kuliko yote ni saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Tiketi yao ilisema tarehe 6, 03:55. Kwa Kiswahili chetu hiyo ni saa tisa na dakika hamsini na tano usiku, na usiku huo, kwa mdomo wa watu wote ninaowajua, ni usiku wa tarehe 5. Mteja akisoma "tarehe 6" anapanga kuondoka Dodoma asubuhi ya tarehe 6, akifika uwanjani ndege yake imeshatua. Na si hilo tu. Usipotokea kwenye ndege ya kwenda, mashirika mengi hufuta na ya kurudi, tiketi nzima inakufa. Kwa hiyo nikikabidhi tiketi naandika kwa kalamu nyekundu juu yake: *Ondokeni Dodoma tarehe 5 asubuhi.* Nawataka waisome kwa sauti mbele yangu.

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma, Julai 2024, sehemu hii imekuwa nyepesi. Kabla yake tulikuwa tunahesabu siku nzima ya basi. Hata hivyo usikate treni ya jioni kwa ndege ya usiku huo huo. Treni na ndege ni tiketi mbili zisizojuana. Treni ikichelewa, au foleni ya Barabara ya Nyerere ikikaza, hakuna atakayekuhamishia ndege bure. Wazee wangu walipanda treni ya asubuhi, wakapumzika kwa mtoto wao, saa sita usiku wakawa Jengo la Tatu la uwanja wa ndege.

Kanuni hiyo hiyo inahusu nauli ya kutokea Nairobi. Ni kweli mara nyingine inakuwa chini kuliko ya Dar. Lakini ongeza nauli ya kufika Nairobi, usiku wa hoteli, na hatari ya tiketi mbili, halafu uniambie umeokoa nini. Mara nyingi nimepiga hesabu hiyo na mteja akarudi Dar mwenyewe.

Ndani ya Ulaya kuna ndege za bei ya chini sana, na zinavutia. Uliza kwanza zinatua wapi. Uwanja wa Beauvais unauzwa kama Paris, lakini uko kilomita kama 85 kaskazini ya mji. Begi linaloingia bure ni lile la chini ya kiti, zaidi ya hapo unalipia. Kwa umbali wa saa mbili tatu, treni inashinda, kwa sababu inakutoa katikati ya mji na kukushusha katikati ya mji. Na yule anayetaka "kupita London siku moja" ajue anatoka Schengen: atahitaji viza ya Uingereza, na viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja ili arudi kupanda ndege yake.

Mpakani Venice walipigwa picha na kuhakikiwa alama za vidole, ule utaratibu mpya wa kuandikisha wageni ulioanza Oktoba 2025. Nilikuwa nimewaandaa kwa foleni, kwa hiyo siku ya kwanza sikuweka kitu zaidi ya kufika hotelini na kula. Usiku mbili Venice, nne Verona, moja Milan. Siku ya pili ya Verona mzee alinitumia picha bila maneno: ghala refu, madirisha wazi, zabibu zimejipanga kwenye vichanja kama mtama uliomwagwa kwenye mkeka. Baadaye akanipigia akaongea dakika ishirini juu ya upepo, kwamba kule wanauhesabu upepo kama sisi tunavyoihesabu mvua.

Alitaka kurudi na vipandikizi vya mzabibu. Nilimkatalia kwa simu: mmea hauingizwi nchini bila kibali cha afya ya mimea, na ugonjwa mmoja ukifika mashamba ya Dodoma hautarudi ulikotoka. Akanunua mikasi miwili ya kupogolea. Hiyo haipandi na begi la mkononi, kwa sababu mkasi wenye makali yanayozidi sentimita sita huzuiwa ukaguzini. Ikalala salama kwenye begi la kilo 23, lililokuwa ndani ya ile nauli ya pili na halikuwa ndani ya ofa. Mmoja anautumia yeye. Wa pili amewaachia wenzake wa ushirika, unazunguka shamba hadi shamba.