Kokoto chini ya chungu hazikaushi udongo

Wengi wanaopanda ndani ya nyumba hutandika kokoto au vigae chini ya chungu kabla ya udongo, wakiamini maji yatashuka upesi na mizizi haitaoza.

Maji hayashuki hivyo. Udongo wenye chembe ndogo huyashika, na hayaingii kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Kila chungu huwa na tabaka la chini linalobaki chepechepe. Kokoto za sentimita 5 hulipandisha tabaka hilo sentimita 5 karibu na mizizi. Ndani ya nyumba madhara ni makubwa zaidi, kwa kuwa mwanga hafifu na ukosefu wa upepo huufanya mmea unywe polepole. Majani hugeuka njano, mwenye mmea hudhani mmea una kiu, huuongezea maji.

Jaribu kwa sponji ya kuoshea vyombo. Iloweshe, ilaze juu ya kiganja mpaka iache kudondoka, kisha isimamishe kwa ncha: maji yatatoka tena. Kimo ndicho kinachokamua.

Kwa hiyo chagua chungu kirefu chenye matundu 4 au 5 ya sentimita 1, uyafunike kwa kipande cha chandarua tu. Changanya udongo sehemu 2, mboji iliyoiva 1, na nusu sehemu ya maganda ya mpunga yaliyochomwa. Mchanga laini uepuke, huziba nafasi za hewa. Maji ya kwenye kisahani yamwage baada ya nusu saa.