Shule Yenye Watoto 70: Nani Huamua Ifungwe?

Ukipita vijiji vya mlimani huku Moshi, Kibosho, Uru mpaka Mwika, hukosi kukuta shule ya msingi yenye madarasa saba na watoto wa kujaza mawili. Sababu si fumbo. Kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, kimegawanywa mpaka hakigawanyiki tena, vijana wameshuka mjini, na waliobaki wanazaa wawili, watatu.

Sisi watu wa mipango ya elimu tukiikuta shule ya namna hiyo kwenye jedwali, hesabu hutukaba. Ikama, yaani idadi ya walimu inayotakiwa, ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kwa watoto 70 hao ni walimu wawili, na madarasa ni saba. Ruzuku nayo huhesabiwa kwa kichwa, shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Shule nzima inastahili 700,000, na humo humo kuna fedha ya vitabu. Bati linalovuja haliulizi watoto ni wangapi. Ndipo neno "kuunganisha" linapoanza kusikika, yaani kuifunga na kuwapeleka watoto shule ya jirani.

Wengi hudhani mambo haya huanzia na kuishia kwa madiwani. Kwa kawaida hoja hutoka kamati ya shule, ikaenda mkutano mkuu wa kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata, kamati ya halmashauri inayoshughulikia elimu, ndipo ikafika Baraza. Na Baraza likishapitisha, usajili wa shule bado uko kwa Kamishna wa Elimu. Kikao cha madiwani ni cha wazi, unaweza kukaa ukasikiliza, lakini husemi. Pa kusemea ni mkutano wa kijiji, ambako kila mkazi mwenye miaka 18 ana sauti. Nimeona mikutano hiyo ikikosa akidi, halafu watu wakaja juu kufuli likiwa tayari mlangoni.

Jambo la kubishania pale ni njia. Kwenye ramani shule mbili zinatengana kilomita mbili. Mlimani katikati yake kuna korongo. Niliwahi kuitembea njia kama hiyo mwezi wa Aprili, na mtoto wa darasa la kwanza na bibi yake. Tulishuka tukishikilia migomba, tukavuka kwa magogo mawili yaliyolowa, kisha tukapanda tope. Saa moja na dakika kumi. "Mwanangu," bibi akaniuliza, "hizo kilomita mbili mlizipima mkiruka?" Taarifa niliyokuwa nayo mkobani haikuwa na neno korongo hata mara moja.

Tangu siku hiyo mimi huegemea njia ya kati: awali mpaka darasa la tatu wabaki hapo hapo kama shule shikizi, yaani tawi dogo la shule kubwa, wakubwa ndio wavuke. Fedha inayookolewa ni kidogo, nakubali.

Ikiwa ni lazima kufunga, iwe Desemba. Namba ya mtihani wa darasa la saba hubeba namba ya shule, na kuhamisha watoto katikati ya mwaka ni kuwatafutia usumbufu.

Halafu kuna ardhi. Shule nyingine zimekaa juu ya kihamba ambacho ukoo ulikitoa kwa neno la mdomo, na masomo yakikoma wajukuu huanza kukidai. Muhtasari wa kijiji useme mapema majengo yatageuzwa kuwa nini. Na pasipo na hati, wazee wanaokumbuka masale, mimea ya kuonesha mpaka, yalipandwa wapi wapelekwe wakaoneshe, majina yao yaandikwe, wangali na nguvu za kutembea.