Kubadili umbizo la faili hakuliweki jengo kwenye ramani
Wengi huamini kwamba ukishabadili umbizo la faili, modeli ya jengo itakaa yenyewe juu ya ramani ya matumizi ya ardhi. Sivyo. Msanifu huchora kwa milimita kuanzia sifuri yake mwenyewe, na mara nyingi upande wa juu wa mchoro si kaskazini halisi. Ramani hutumia mita na koodineti za UTM, mfumo wa gridi unaoigawa dunia katika kanda. Ndiyo maana jengo huonekana mamia au hata maelfu ya kilomita kutoka kiwanjani.

IFC4, umbizo huria la modeli za majengo, ina sehemu za kujaza mashariki, kaskazini, kimo, mzunguko na skeli. Tatizo ni kwamba huachwa tupu! Skeli ndiyo husahaulika zaidi: kwenye meridiani ya kati, yaani mstari wa katikati ya kanda ya UTM, ni 0.9996, sawa na tofauti ya sentimita 40 kwa kila kilomita. Hakiki kwa alama mbili za upimaji, si moja. Moja haioneshi kosa la mzunguko.