Tundu kwenye Paa la Kanisa

Nikitaja sayansi na dini darasani, wanafunzi huniletea jina moja tu: Galileo. Mzee wa karibu miaka 70, mjini Roma mwaka 1633, anapigishwa magoti na kulazimishwa kukana kwamba dunia inazunguka jua. Yalitokea kweli, na aibu yake haifutiki. Ila ukiishia hapo umeondoka na nusu ya habari, tena ile nusu nyepesi.

Twende Bologna, mji uliokuwa chini ya utawala wa Papa, miaka 22 baada ya hukumu hiyo. Giovanni Domenico Cassini, mwalimu wa falaki mwenye umri wa miaka 30, ametoboa tundu juu ya kanisa kubwa la San Petronio, upana wake milimita 27, kimo chake mita 27 kutoka sakafuni. Chini amelaza mstari wa karibu mita 67, kusini kwenda kaskazini, unaopenya kati ya nguzo kwa nafasi finyu. Kila adhuhuri duara la mwanga hukatiza mstari ule. Majira ya joto huangukia upande wa karibu na tundu. Siku za baridi, jua likiwa chini, husogea hadi mwisho wa mbali.

Kwa nini wenye kanisa walikubali paa lao litobolewe? Kwa ajili ya Pasaka. Sikukuu hiyo hupangwa kwa kufuata mwezi mpevu na ile siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana. Kalenda ya Julius Caesar ilizidisha kila mwaka kwa takriban dakika 11. Utasema dakika 11 ni nini? Kufikia karne ya 16 zilikuwa zimeshazaa siku 10, na mwaka 1582 Papa Gregory wa 13 akazifuta: watu walilala tarehe 4 Oktoba, wakaamka tarehe 15. Kanisa lilitaka vipimo vya kulihakikishia kwamba safari hii hesabu imekaa sawa.

Waislamu walikwishapita njia hiyo. Msikiti wa Umawiyya, Damascus, ulikuwa na mtaalamu wa kupanga nyakati za swala, na katika karne ya 14 kazi hiyo ilikuwa ya Ibn al-Shatir. Aliyepitia chuoni hapa pwani anakumbuka: Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, bila kuhesabu kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Hiyo ni jiometri, hata kama ustadhi hakuiita hivyo. Ibn al-Shatir alikwenda mbali zaidi, akaunda hesabu ya mwendo wa mwezi ambayo tunaikuta ileile katika kitabu cha mwaka 1543 cha Copernicus, yule mwanafalaki wa Ulaya aliyeandika kwamba dunia inazunguka jua. Ilifikaje huko? Wanahistoria bado wanabishana.

Cassini naye hakukomea kwenye kalenda. Alipima upana wa lile duara la mwanga msimu baada ya msimu. Jua likiwa mbali duara husinyaa, likikaribia hutanuka. Ptolemy, mwanafalaki wa kale, alifundisha kwamba mwendo wa jua haubadiliki, ila umbali tu ndio hutufanya tulione likiharakisha au likizubaa. Kepler, mwanafalaki Mjerumani wa zama za Galileo, akasema mwendo wenyewe hubadilika. Kwa hesabu ya Ptolemy, tofauti ya upana ingekuwa karibu mara mbili ya ile ya Kepler. Sakafu ya kanisa ikampa haki Kepler. Na hapa napenda busara ya Cassini: kipimo hicho hakisemi kati ya jua na dunia ni kipi kinachomzunguka mwenzake, hivyo alikitangaza bila kugusa katazo la Kanisa la mwaka 1616 dhidi ya kufundisha kwamba dunia inazunguka jua.

Vitabu vya Copernicus na Galileo viliondolewa katika orodha ya vilivyopigwa marufuku mwaka 1835. Miaka 180 yote hiyo tangu kazi ya Cassini, jua lilikuwa likishuka kupitia tundu la San Petronio.