33,550,336: namba kamilifu iliyovunja mazoea

Kwa kuitazama tu, 33,550,336 haina la ajabu: namba shufwa ya tarakimu nane, basi. Lakini tafuta vigawo vyake vyote, iache namba yenyewe, ujumlishe vilivyobaki. Utapata 33,550,336 ile ile.

Namba ya aina hii huitwa kamilifu. Jumla ya vigawo ikiwa ndogo kuliko namba, hiyo ni pungufu, kama 8 (1 + 2 + 4 = 7). Ikizidi, ni zidifu, kama 12, ambayo vigawo vyake hufika 16. Namba kamilifu ni adimu mno: chini ya milioni mia moja ziko tano tu, yaani 6, 28, 496, 8,128 na hii yetu.

Siri yake iko katika 4,096 × 8,191. Ya kwanza ni 2 kwa kipeo cha 12. Ya pili ni 2 kwa kipeo cha 13, ukitoa 1, nayo ni namba tasa. Hivyo vigawo ni 26: 1, 2, 4, 8 hadi 4,096, kisha hivyo hivyo vikizidishwa kwa 8,191. Kundi la kwanza lina jumla ya 8,191. La pili, bila namba yenyewe, lina 8,191 × 4,095. Yaunganishe: 8,191 × 4,096. Kanuni ni hii: 2 kwa kipeo fulani, mara 2 kwa kipeo kinachofuata ukitoa 1, hutoa namba kamilifu iwapo hiyo ya pili ni tasa. Mwanahisabati Mgiriki Euclid aliithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na katika karne ya 18 mwanahisabati Euler akaonyesha kwamba kila namba kamilifu iliyo shufwa lazima iifuate.

Tunajuaje kwamba 8,191 ni tasa? Kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kizidi kigawe cha 26 kwa 1, na hatuna haja ya kuvuka 90, kwa kuwa 91 × 91 tayari inazidi 8,191. Wagombea ni 53 na 79 tu. Gawanya kwa 53, hubaki 29. Kwa 79, hubaki 54. Kazi imekwisha.

Wataalamu wa kale walizijua nne za mwanzo, zenye tarakimu moja, mbili, tatu na nne, zikiishia 6, 8, 6, 8. Wengi wakaamini mtindo huo utaendelea. Kumbe kipeo cha 11 hakifai, kwa kuwa 2 kwa kipeo hicho, ukitoa 1, ni 2,047, yaani 23 × 89, na ndiyo maana tunaruka kutoka tarakimu nne hadi nane. Zamu ya 6 na 8 nayo ilivunjika mara moja: namba ya sita, 8,589,869,056, pia inaishia 6.

Namba yetu ni ya pembetatu vilevile, yaani jumla ya 1 + 2 + 3 hadi 8,191. Tarakimu zake zikijumlishwa hutoa 28, namba kamilifu nyingine, ingawa hiyo naihesabu kuwa sadfa tu. Kama ipo namba kamilifu iliyo witiri, hakuna aliyewahi kuipata, wala aliyethibitisha kwamba haipo.