Sinema za Kikannada na ufisadi: usilishwe sheria na steringi

Mzoefu wa vibanda umiza anakijua kisa hiki hata kabla hakijaanza: waziri mla rushwa, polisi mwadilifu mwenye masharubu, shahidi anauawa usiku wa kuamkia kesi, kisha steringi anachoshwa na mahakama na kujichukulia sheria mkononi. Sinema za uhalifu kutoka jimbo la Karnataka, kusini mwa India, zimejaa visa vya namna hiyo. Zinaburudisha kweli. Tatizo ni mambo ambayo mtu anatoka nayo kichwani akidhani ndivyo India ilivyo.

La kwanza nalipitia haraka. "Hizi ni Bollywood." Siyo. Bollywood ni ya Mumbai na lugha yake ni Kihindi. Kikannada kina tasnia yake huko Bengaluru, inaitwa Sandalwood, na filamu yake ya kwanza ya sauti ilitoka mwaka 1934. Sisi tunazipata zikiwa zimetiwa sauti za Kihindi, au msimuliaji wetu ameshazifunika kwa Kiswahili, basi zote tunazitia kapu moja.

"Ufisadi wanaouonyesha umetiwa chumvi." Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, maana yaliyotokea Bellary, huko huko Karnataka, yanaishinda sinema. Wilaya hiyo ina madini ya chuma, na bei ilipopanda miaka ya 2000 kutokana na mahitaji ya China, malori yalisomba mchana na usiku. Mwaka 2010 maofisa wa misitu walizuia shehena kubwa ya chuma hicho katika bandari ya Belekeri. Sehemu kubwa ikatoweka ikiwa chini ya ulinzi, ikasafirishwa nje. Hebu fikiria: si pochi, ni vilima vya mawe! Julai 2011 Jaji mstaafu Santosh Hegde, aliyekuwa Lokayukta, yaani mkuu wa chombo cha jimbo kinachochunguza viongozi na watumishi wa umma, alitoa ripoti iliyokadiria hasara ya zaidi ya rupia bilioni 160. Mwezi huohuo Mahakama ya Juu ya India ikasimamisha uchimbaji Bellary.

"Mla rushwa hukamatwa kwa kuvunjiwa mlango." Mtego wenyewe ni wa kimyakimya. Mlalamikaji anapeleka noti, namba zake zinaandikwa, kisha zinapakwa unga wa fenolfthalini ambao hauonekani kirahisi kwa macho. Anakwenda kuzikabidhi. Maofisa wakiingia, mtuhumiwa ananawishwa vidole kwenye maji yaliyotiwa magadi. Yakigeuka rangi ya waridi, amezishika. Maji hayo yanatiwa kwenye chupa, inafungwa kwa lakiri na mashahidi wanasaini. Hata hivyo vidole vya waridi peke yake havimfungi mtu, kwani upande wa mashtaka lazima uthibitishe pia kwamba aliidai hiyo hela.

"Akikiri kituoni, kesi imekwisha." Kile kipigo cha chumba cha mahojiano, kamera ikitetemeka, hakina faida mahakamani. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza waliitumia pia Kenya na Tanganyika, ilikataza ungamo lililotolewa kwa polisi kutumika dhidi ya mshtakiwa. Sheria mpya iliyoanza Julai 2024 imelibakiza katazo hilo.

Na polisi anayemmiminia jambazi risasi halafu anapigiwa makofi? Mauaji ya aina hiyo yapo, nayo ni kidonda kwa India. Lakini tangu 2014 Mahakama ya Juu imeagiza kila kifo cha namna hiyo kifunguliwe jalada na kuchunguzwa na kikosi kingine, si kituo cha aliyefyatua. Utekelezaji ni hadithi nyingine.

"Lokayukta anaweza kumfunga waziri." Hawezi. Anachunguza na kupendekeza. Kumshtaki mtumishi wa umma kwa rushwa kunahitaji kibali cha mamlaka inayoweza kumwondoa kazini, na hukumu ni ya mahakama. Binafsi ningependa kuona sinema moja inayokaa saa nzima kwenye kibali hicho, maana kesi nyingi huozea hapo. Mwaka 2016 serikali ya Karnataka iliunda kikosi kipya cha kuzuia rushwa na kuwanyang'anya polisi wa Lokayukta kazi hiyo. Ilichukua hadi Agosti 2022 Mahakama Kuu ya jimbo kukifuta.

Mwisho kabisa, "waziri akianguka, amekwisha." B. S. Yeddyurappa, waziri kiongozi wa Karnataka aliyetajwa katika ripoti ya Hegde, alijiuzulu tarehe 31 Julai 2011, na Oktoba mwaka huo akawekwa mahabusu katika kesi za ardhi. Oktoba 2016 mahakama maalumu ilimwachia huru katika kesi ya hongo za migodi. Julai 2019 aliapishwa tena kuwa waziri kiongozi.